Mdomo wa Bi Poda
Saluni yao ilikuwa na viti viwili na masikio kumi. Bi Poda, fundi wa kupamba maharusi, alikaa upande wa dirishani; shoga yake, msusi aliyebandikwa jina la Chanuo, upande wa mlangoni. Kodi walichangia, na umbea vilevile.

Nje ya familia, Chanuo peke yake ndiye aliyeambiwa. Kwamba Bi Poda akichoka, akipigwa na jua au akijaa mawazo, mdomo huanza kumchonyota, na asipowahi kuupaka dawa, kesho yake ni malengelenge. Ndiyo maana hakumpaka mtu kwa lipstiki yenyewe. Aliikwangua kwa kijiti, akapaka kwa pamba, pamba akaitupa. Ndiyo maana kikombe chake hakishikwi, na vichanga vya wateja huvipungia mkono tu. Watu walidhani ni maringo. Mdomo ukichachamaa, alivaa barakoa, akasingizia mafua na kumwachia Chanuo kazi zote za uso.

Wiki ya harusi ya mdogo wake, mdomo ukaanza. Akawahi dawa, akalala mapema, na safari hii hata kipele hakikutoka.

Siku yenyewe akafika na mkoba wake wa brashi, akamkuta bibi harusi yuko kwenye kiti cha Chanuo, nusu ya uso imeshapakwa. Mashangazi wa mume wamejipanga kwenye benchi, wanamkodolea Bi Poda mdomo kama watu wanaotafuta unywele kwenye chakula.

Akauliza kulikoni. Chanuo akasema ndiyo matakwa ya upande wa mume. Wamesikia ana ugonjwa mdomoni, naye kaona amsitiri rafiki yake.

"Wamesikia kwa nani, shoga?"

Chanuo akajitia kutafuta brashi.

Hilo Bi Poda angelimeza. Chanuo ulimi wake ulishazoea kufanya kazi kuliko mikono. Akamgeukia mdogo wake. Wamekua wakilala kitanda kimoja. Malengelenge hayo huyu kayaona tangu utoto, kwa dada yake na kwa mama yao, na ndiye aliyekuwa akimletea kitambaa cha maji baridi.

"Na wewe ukawaambiaje?"

"Dada, ningesemaje? Ndiyo kwanza naingia kwao."

"Ungesema unanijua."

Bibi harusi akainamia mikono yake. Shangazi mmoja akakohoa, akauliza kama hawaoni muda unakwenda.

"Harusini nitakuja," Bi Poda akasema, "mama asije akaanza maswali. Ila ukikorofishana na mumeo, usije kunililia mimi. Mwambie huyu hapa. Siri yangu umeona alivyoitunza."

Machozi yakamtoka bibi harusi, wanja ukaanza kushuka. Chanuo akamsihi asilie, jamani, itabidi waanze upya. Bi Poda alikuwa ameshapanda kwenye kigoda, anakifungua kioo chake ukutani aondoke nacho.