Bega Lisilohitaji Kisu

Abigail aliingia bila kupiga hodi, akavua barakoa, akanusa, akasema, "Ni nini hiki kinanuka sukari?"

Hakusalimu. Kwa miaka sita hajawahi kumsalimu Wanjugu kwanza, na siku hiyo hakuona sababu ya kuanza. Alikuwa ametoka Macquarie Fields mpaka Quakers Hill, mitaa miwili ya huko ughaibuni, karibu saa nzima kwa gari, na saa nzima hiyo bila shaka aliitumia kunoa ulimi.

"Ni nyama ya nguruwe, Mama Tevin," Wanjugu alimjibu kutoka jikoni. "Karibu. Viatu hapo mlangoni, dawa ya mikono iko juu ya meza."

"Nyama ya nguruwe na sukari!" Abigail akamgeukia mdogo wake, Mwangi, aliyekuwa akipanga viti uani. "Mwangi! Kwani huyu msichana wako anatulisha peremende?"

Huyu msichana wako. Msichana ana miaka thelathini na minane, ni nesi anayesimamia wodi nzima, mkataba wa nyumba hiyo una jina lake peke yake, na bado kwa Abigail ni msichana. Ati kwa sababu hajakatiwa kiande. Kiande ni lile bega la mbuzi ambalo bwana harusi wa Kikuyu hulikata kwenye kiungo, nyumbani kwa wakwe, watu wakitazama, na likishakatwa basi, huyo ni mke na hakuna wa kuuliza tena. Kabla ya hapo mwanamke hata kulila bega haruhusiwi. Mwanamke ambaye hajakatiwa, Abigail hupenda kusema, ni mgeni aliyekaa sana.

Na huko kukatiwa kwenyewe! Mwaka wa kwanza ilikuwa viza. Wa pili, kazi. Halafu Korona ikaja, na Korona, tuseme ukweli, ilikuwa rafiki mkubwa wa Mwangi. Mipaka imefungwa, mpenzi, tutafanyaje? Huko Karatina baba yake Wanjugu alikuwa ameshapaka nyumba rangi mara mbili akingoja wageni, akasema rangi ya tatu atainunua siku atakayosikia tarehe. Mama yake naye alingoja weee, mpaka Mei akazikwa, Wanjugu akitazama mazishi kwenye simu.

Sasa ilikuwa Novemba ya mwaka elfu mbili ishirini na moja. Lokidauni imekwisha, ndege zinaruka, na mtu aliweza kuita wageni kwake bila kuhesabu vichwa, mradi wamechanjwa. Wiki moja kabla, Wanjugu alimkalisha Mwangi chini. "Naita watu," akamwambia. "Utasimama mbele yao utaje tarehe ya Desemba ya kwenda kunikatia. Usipotaja, hutalala hapa." Mwangi akasema sawa. Mwangi husema sawa kwa kila kitu, hata kwa mtu aliyekosea namba ya simu.

Abigail alitaka nyama choma. Wanjugu akakataa katakata. Alikuwa ametoka kwenye majira ya baridi ya kuwageuza wagonjwa wa Korona kifudifudi ili wapate pumzi, na hakuwa tayari kuona mikono ya watu ishirini na watano ikiparamiana juu ya ubao mmoja. Akanunua mabega mawili ya nguruwe, kilo nne nne, na mfupa wake. Akayasugua chumvi, paprika, kitunguu saumu na sukari ya kahawia, akayalaza kwenye friji, na alfajiri akayaingiza kwenye oveni na siki ya tufaha kidogo, yamefunikwa foili, moto mdogo kabisa. Baada ya muda wa saa tisa nyama hiyo unaivuta kwa uma mbili inaachana nyuzi nyuzi. Unaichanganya na mchuzi wake, unaijaza kwenye mikate midogo ya kumaliza kwa kuuma mara tatu, juu yake kabichi. Kila mtu anachukua wake na kukaa kando.

Bega la kwanza lilikuwa mikononi mwa Emerance, rafiki yake wa kazini, Mrundi wa Merrylands aliyelelewa kambini Tanzania. Alilivuta akicheka peke yake.

"Sha, dada, hii nyama iko inajitoa yenyewe. Haigombane."

"Afadhali yake," Wanjugu akasema, akachukua kipande cha pembeni, kile kilichoungua kidogo, akaonja.

Hapo ndipo Abigail alipotokea mlangoni pa jikoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alinyanyua foili ya bega la pili, akalichungulia.

"Hii ni sehemu gani ya nguruwe?"

"Bega," Wanjugu akasema. "Paja hukauka."

"Bega." Abigail alilitamka taratibu kabisa. "Na umekula."

"Nimeonja. Mimi si ndiye mpishi?"

Abigail aliirudisha foili. Alitabasamu, na Wanjugu, ambaye kwa miaka sita hakuwa ameliona tabasamu hilo zaidi ya mara mbili, akajua kuna neno. Lakini watu walikuwa wamefika, wana njaa, na bega la pili lilitakiwa kuvutwa likiwa moto. Akalibeba na sinia yake mpaka uani, akalitua mezani. Abigail nyuma yake.

"Jamani, nisikilizeni," Abigail akasema, na watu wakanyamaza wakidhani ni sala. "Huyu msichana amekula bega. Nimemwona kwa macho yangu. Hajakatiwa, hajaolewa, na anakula kiande ndani ya nyumba ya ndugu yangu. Mnataka laana gani nyingine? Hii ya Korona haitoshi?"

Owuor, Mjaluo wa watu asiyehusika kwa lolote, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna soda.

"Lakini Mama Tevin," Emerance akasema, uma bado mkononi, "hii ni ngurube!"

"Bega ni bega," Abigail akasema. "Na wewe haikuhusu."

Watu wote wakamgeukia Mwangi. Wanjugu naye akamgeukia. Hakutaka mengi. Hakutaka amtukane dada yake wala ampige kelele. Alitaka neno moja, huyu ni mke wangu, halafu tarehe, halafu watu wale. Mwangi alikuna shingo. Akatazama nyama, akatazama chini.

"Wanjugu," akasema, "si ungenunua paja tu?"

Aisee! Miaka sita, mama amezikwa kwenye simu, na mwanamume anasema paja. Wanjugu alihisi hasira imempanda mpaka masikio yakapiga kengele. Akaingia jikoni, akatoka na kisu kikubwa, na wageni wawili watatu wakarudisha viti nyuma. Akakilaza mbele ya Mwangi, mpini ukimwelekea.

"Mama Tevin amesema bega ni bega. Nimekubali. Kama linatosha kunihukumu, linatosha kunioa. Bega hili hapa. Mashahidi hawa hapa, ishirini na watano, wamechanjwa wote. Karatina sasa ni saa moja asubuhi, baba ameshaamka, nampigia atazame. Kata."

"Ala! Umerukwa na akili?" Abigail akafoka. "Nguruwe?"

"Wewe ndiye uliyesema. Mwangi, kata."

Mwangi alichukua kisu. Lo, alikichukua! Kwa muda mfupi hivi Wanjugu alimwamini tena, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Kisu kilikuwa juu ya kiungo kabisa. Kazi ilikuwa kusukuma tu, nyama yenyewe mtoto angeikata kwa kijiko. Mwangi akainua macho kwa dada yake. Abigail akatikisa kichwa, kidogo sana. Mwangi akakirudisha kisu mezani.

"Mambo haya hayafanywi hivi," akasema. "Na hiyo Desemba pia… tumeonelea tungoje kidogo."

"Mmeonelea. Wewe na nani?"

Macho ya Mwangi yakarudi kwa dada yake, na hakuna aliyehitaji jibu jingine.

Wanjugu akavaa glavu, taratibu, kama anavyovaa kazini. Akaushika mfupa wa bega kwa vidole viwili, akauvuta. Ukatoka mzima, mweupe, bila hata uzi mmoja wa nyama.

"Hata kisu halikuhitaji," akasema.

Akaufunga mfupa kwenye foili, akamkabidhi Abigail. "Shika kiande chenu, Mama Tevin. Na ndugu yako uende naye."

"Unamfukuza ndugu yangu kwake?"

"Kwake wapi? Mwulize mkataba umeandikwa jina la nani."

Abigail alifungua mdomo, akamtazama Mwangi, na Mwangi akawa anatazama nyasi. Basi akaufunga. Wanjugu tayari alikuwa ameshika uma mbili anavuta nyama, anajaza mikate. Wa kwanza alimpa Owuor.

"Kula, inapoa."

Owuor akala. Emerance akala, wengine wakajongea mmoja mmoja, wakala wakiwa wamesimama, bila kuangalia upande wa mlangoni, ambako Mwangi alikuwa ameinama akitafuta kiatu chake cha pili katikati ya viatu vya watu ishirini na watano. Alichukua muda mrefu. Abigail alimngoja garini akipiga honi.

Wanjugu akaenda kusimama kando ya uzio, akapiga simu.

"Tarehe ngapi?" baba yake akauliza hata kabla ya salamu.

"Usinunue rangi, baba."

Kuku walisikika nyuma ya mzee, na redio ya jirani.

"Nilijua tu," akasema mwishowe. "Umekula lakini?"

"Nina mkate hapa mkononi. Wa nyama ya nguruwe." Akaugeuza mkate huo. "Ya bega, baba."

Mzee alielewa. Bega lile yeye ndiye aliyekuwa amelingoja kuliko wote, kwenye nyumba yake iliyopakwa rangi mara mbili.

"Kula, mama," akasema. "Mimi ndiye baba yako, nimesema ule."

Wanjugu akauma.