Mama Pacha Asifia Mto

Fundi wa kushona mito ya kulalia hakuwa na pesa ya matangazo, akajipigia debe mwenyewe. Alibandika karatasi kwenye nguzo za umeme, akamwachia kinyozi mto mmoja ili wateja wake waujaribu, kisha akafungua kundi la Wasap. Waliojiunga walikuwa thelathini na mmoja, na ishirini na saba kati yao ni ndugu zake. Ndugu hao walimmwagia pongezi na dua, lakini hakuna aliyenunua mto.

Kaka yake, mwenye chumba alichoshonea, alimwambia bila kupepesa macho, "Mwezi ukiisha hujamuuzia mtu baki hata mmoja, nipishe. Nina mpangaji."

Basi fundi akajiona mjanja. Alinunua laini ya pili, akajiingiza kundini kwa jina la Mama Pacha, akawa anajiuliza bei na kujijibu. Mama Pacha alikuwa na maneno huyo. Mara shingo yake imepona, mara mapacha wake wanagombania mto. Fundi naye anamshukuru kwa heshima zote. Mtu mzima na ndevu zake, peke yake katikati ya magunia ya sufi, anapiga soga na nafsi yake kwa simu mbili.

Wiki ya pili Mama Pacha akapata ujumbe wa faragha. Aliyeandika alikuwa mwalimu wa chekechea, aliyeiona karatasi kwenye nguzo na kujiunga kundini. "Dada, mto huo mzuri kweli? Tangu mume wangu aondoke usingizi umenipaa."

Fundi akajibu kwamba ni mzuri. Lakini kesho yake mwalimu hakuulizia mto. Aliuliza, "Umeamkaje, dada? Mapacha wameenda shule?" Keshokutwa vivyo hivyo.

Kuhusu mapacha fundi alitia chumvi. Wakaugua mafua, wakapona. Mengine yalikuwa ya kweli: kwamba hula peke yake, kwamba siku nzima hupita bila mtu kumwita. Hakuwahi kumwambia yeyote hayo. Ikafika mahali simu ya Mama Pacha inakaa pembeni ya cherehani, na yake mwenyewe hajui ilipo.

Zikabaki siku mbili mwezi uishe. Mwalimu akaandika, "Leo saa nane nakuja kwa fundi kununua. Tukutane hapo unichagulie, dada. Na mimi nikuone."

Angeweza kusema mapacha wanaumwa. Mto ungeuzika na chumba kingebaki chake. Roho ikamsuta.

Mwalimu alifika saa nane kamili, amependeza, ameshika mfuko wa machungwa. "Kuna dada hajafika hapa? Haya ya wanawe."

"Hatafika, mwalimu. Ni mimi niliyekuwa nakuandikia. Nisamehe."

Fundi alisubiri matusi. Mwalimu akaketi juu ya gunia, akazitazama zile simu mbili mezani.

"Yale ya kula peke yako?"

"Hayo ya kweli."

Mwalimu akainuka. Kisha akachagua mto, akaubonyeza, akalipa. "Umeshonwa vizuri, nachukua," alisema akiwa mlangoni. "Ila mimi nilimfuata dada." Akaondoka na machungwa yake.

Jioni kaka akapita, akaambiwa mto umeuzika kwa mtu baki. "Umeona sasa?" akasema, akampiga bega. "Umeanza kupata watu."

Fundi akaitikia. Mtu ambaye angemweleza yaliyotokea siku hiyo alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyeondoka na mto.