Uzee wa Kuazima

Jumanne asubuhi, majina ya wanafunzi yalipokwisha kuitwa, Sekuru, yaani Babu, Zivanai Mupambawashe aliketi kwenye benchi la mbele katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa Mkoba, akavua kofia, kisha akavua uzee wake. Aliuvua kuanzia mabegani, kama koti la mvua. Sista Erina alimsaidia kwa nyuma, maana kiunoni uling'ang'ania. Waliukung'uta, wakaukunja, wakauweka juu ya kiti.

"Haya, leo nani anaanza?" Sista Erina akauliza.

Vyuo vikubwa vya kufundisha utunzaji wa wazee vilikuwa na mavazi maalumu ya kuigizia uzee, yenye vyuma vya kukaza magoti na miwani ya ukungu. Chuo cha Sista Erina kilikuwa na vitanda viwili, mwanasesere wa plastiki asiye na mkono, na Sekuru Zivanai, aliyestaafu kazi ya reli na asiyependa kitu kikae bila kutumika. Uzee wake ulivulika Jumanne tu. Siku nyingine ulishika kama ngozi ya mtu yeyote.

Mapatano yalikuwa mepesi. Yeye angeuazimisha kwa darasa, na kila kozi ikiisha chuo kingemwachia mhitimu mmoja wa kuja kwake asubuhi kumwogesha, kumpikia uji na kumkata kucha za miguu, ambazo hakuzifikia mwenyewe, na hakuna aliyemkatia tangu mkewe Sarudzai afariki. Binti yake wa pekee alikuwa Coventry, Uingereza, akimwogesha baba wa watu wengine.

Wanafunzi waliuvaa kwa zamu.

"Mamangu! Goti hili linafanya nini?"

"Linafanya kazi yake," alisema Sista Erina. "Panda kitandani. Na wewe Tapera, usimvute kama mbuzi wa sikukuu! Mwambie kwanza unataka kumfanya nini. Halafu kikombe kikae pale mkono wake unapofika. Ukikiacha dirishani, hiyo si chai ya mzee, ni chai ya dirisha."

Wakati huo Sekuru alikuwa nyumbani, kijana wa miaka ishirini na kitu, suruali ikimbana mapajani. Hakwenda kucheza dansi. Alifua mablanketi, akapigilia bati lililoachia, akachota maji ya wiki nzima. Kucha hakuweza kuzikata, kwa kuwa zilibaki ukumbini pamoja na uzee.

"Wewe kijana, ni wa kwa Sekuru?" jirani yake, Mai Chenjerai, alimwita toka ng'ambo ya ua.

"Ni mimi mwenyewe, Mai Chenjerai. Leo Jumanne."

"Ah, kweli. Basi njoo uniinulie gunia hili kabla hujarudi kuzeeka."

Aliliinua.

Kozi ya kwanza ilipoisha, wahitimu wote walipata viza za Uingereza. Ya pili vilevile. Yule aliyepangiwa Sekuru alikuja kumuaga na mfuko wa machungwa. Uzee nao ulikuwa ukirudi mzito zaidi, kwa sababu wanafunzi walikuja darasani wakitoka sokoni na kwenye zamu za viwandani, na kila aliyeuvaa alisahau humo uchovu wake kidogo.

Katika kozi ya tatu alikuwemo Loveness. Yeye hakupiga kelele alipouvaa. Alikaa nao, akayagundua maumivu ya bega la kushoto, ambayo Sekuru hakuwahi kumtajia mtu. Tangu siku hiyo alilikanda kwa mafuta kabla ya kuurudisha.

"Mimi siendi popote, Sekuru," alisema. "Mama yangu mwenyewe mgonjwa. Nitaanza kwako, kisha nipitie kwake."

Sekuru akanunua beseni jipya.

Viza ya Loveness ilitoka kabla ya mvua. Alimsubiri Sekuru ukumbini, uzee umekunjwa kitini katikati yao.

"Ni Leicester, Sekuru. Dawa za mama hazinunuliki kwa kazi za hapa. Na kazi zenyewe ziko wapi?"

"Najua. Binti yangu alisema hivyohivyo. Hata sauti ni ileile."

Loveness alikitazama kile kiti. "Kwa nini usiuache hapo tu? Nguvu unazo. Ungeanza upya."

"Niuache na nani? Sarudzai yumo humo ndani. Na mabehewa yangu yote yamo. Huu nimeufanyia kazi, mjukuu wangu, sikuuokota."

Loveness aliukunjua uzee. Alilikanda lile bega mara ya mwisho, akaondoka.

Sista Erina aliona aibu. "Sekuru, sina mtu wa kukupa. Ninayo nafasi darasani, basi."

Akaichukua. Kozi iliyofuata alisoma kila Jumanne, kijana aliyepiga magoti kando ya uzee wake uliovaliwa na wengine, akijifunza kuugeuza usipate vidonda vya kulalia. Alifaulu vizuri. Wakala wa viza alimfuata hadi mlangoni. Sekuru akamwambia kwamba ana mgonjwa nyumbani.

Jumanne iliyofuata hakukuwa na darasa. Aliuvua uzee peke yake, akiukwangua kiunoni kwa kujisugua kwenye mwimo wa mlango, akaulaza kitandani.

"Samahani Sekuru, nakugeuza ubavu," alisema, kama walivyofundishwa.

 Aliuosha kwa beseni jipya, akaupaka mafuta mgongoni, akalikanda bega la kushoto. Alikata kucha za miguu, zilizokuwa ngumu kama pembe. Akapika chai, akamimina kikombe. Kisha akapanda kitandani na kuuvaa, kuanzia mabegani.

Kucha zilikuwa fupi. Ngozi ilikuwa safi. Bega liliuma palepale, na halikukumbuka kuguswa na mtu.

Alinyoosha mkono kutafuta chai. Yule kijana alikuwa amekiacha kikombe dirishani. Sekuru alikitazama kikifuka mvuke, hadi mvuke ukaisha. Hakumkasirikia. Kijana alikuwa bado mgeni kazini, na asingerudi mpaka Jumanne ijayo.