Kushoto, Usukani, Kushoto!

Habari ya kuondoka kwa Usukani ilimkuta fundi bati akiwa ameinua nyundo, na nyundo iliposhuka haikuangukia bati. Ukelele alioupiga uliwatoa watu madukani. Wote walidhani analilia kidole. Kidole kilikuwa kimevimba kweli, lakini fundi alikishika tu kama mzigo wa mtu mwingine.

"Anaondoka!" alisema. "Kiungo wangu kasajiliwa na timu ya mbali!"

Mtaani walimwita Spika. Kugonga bati miaka yote chini ya paa la bati kulikuwa kumemla masikio, na kwa kuwa hakuisikia vizuri sauti yake mwenyewe, aliamini wenzake nao hawamsikii. Akikusalimia, unarudi nyuma. Akikunong'oneza siri, watu wa mtaa wa pili wanakuja kukupa pole.

Uwanjani sauti hiyo ilipata kazi. Tangu Usukani avae jezi ya timu yao, akiwa kijana mwembamba mwenye miguu iliyojua mpira unataka kwenda wapi kabla mpira wenyewe haujaamua, Spika alijiteua kumwongoza. "Kushoto, Usukani, kushoto! Winga yuko peke yake!" Mashabiki wenzake walivumilia msimu mmoja, kisha wakamwomba kwa heshima zote ahamie upande wa pili, nyuma ya benchi la wageni, ili nao wabaki na masikio ya kwenda nayo kazini. Spika alijiona amepandishwa cheo. Kutoka kule, alisema, uwanja wote ulikuwa mbele yake kama sinia.

Na timu ikawa inashinda. Kila Usukani alipotoa pasi ya bao, fundi alirudi karakanani kifua mbele. "Ile pasi ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Hajui hata kama ulizaliwa," alisema kinyozi wa mlango wa pili, shabiki wa timu pinzani, ambaye msimu ule hakuwa na furaha nyingine ila kumchokoza Spika.

"Ananisikia!"

"Kila mtu anakusikia, ndugu yangu. Mimi nauliza kama anakusikiliza."

Neno hilo liliingia likakaa. Sasa kwa kuwa Usukani angeondoka Jumamosi, Spika alitaka jambo moja tu: amsikie akisema kwa kinywa chake kwamba miaka yote ile fundi hakuwa akiupigia ukuta kelele.

Swali kama hilo hulipeleki mikono mitupu. Alichagua bati lake zuri kuliko yote, akalikata, akakunja kingo, akalehemu pembe, akatengeneza sanduku la safari lenye mishikio miwili na kufuli. Alilipaka kijani na nyeupe, rangi za timu, akachora namba nane ya Usukani kwenye kifuniko. Lilitakiwa kuwa siri. Alimwambia mkewe peke yake, jikoni, mdomo ukiwa sikioni. Kesho yake mwenye duka la sukari alimuuliza kama rangi ya sanduku imekauka.

"Mume wangu," mkewe alisema, "mtu unayemuaga humpigii kelele kama unamfukuza. Weka kiganja kooni. Ukihisi koo linatetemeka, ujue umeshaamsha watu."

Alimfundisha wiki nzima. Fundi aliliaga birika, akaliaga kabati, akamuaga mama mkwe aliyekuja kutembea na wala hakuwa na mpango wa kuondoka. Mama mkwe alinuna, akadai mkoba wake.

Jumamosi kinyozi alifunga kibanda, akashika mshikio wa pili wa sanduku.

"Umekuja kunisaidia?" Spika aliuliza.

"Nimekuja kuona ukiaibika. Sanduku zito, nifanyeje?"

Chumba cha wachezaji kilinukia dawa ya kuchua na taulo mbichi. Wachezaji wenzake walikuwa wameshamuaga Usukani. Alibaki peke yake, amepiga magoti akipigana na begi ambalo zipu yake ilikuwa imekufa.

"Shikamooni, wazee wangu."

Spika aliweka kiganja kooni. Akafungua mdomo. Koo halikutetemeka hata kidogo, na wala halikutoa kitu.

"Mzee anaumwa koo?" Usukani alimuuliza kinyozi.

"Laiti!"

Spika akajaribu tena. Midomo ilicheza kama ya samaki sokoni. Jasho lilimtoka, mishipa ikamsimama, na mafunzo ya wiki nzima yakapasuka kwa mpigo mmoja.

"ULIKUWA UNANISIKIA?"

Kiatu kilianguka kutoka kwenye msumari ukutani. Usukani aliruka juu, macho yamemtoka, kisha uso wote ukafunguka.

"Ni wewe! Kushoto-Usukani-kushoto! Miaka yote naitafuta sura ya sauti hii!" Akamkumbatia fundi mpaka kofia ikamdondoka.

Spika aligeukia kinyozi juu ya bega la kijana. "Umesikia? Sema umesikia!"

"Nimesikia," kinyozi alisema, kidole kikiwa sikioni. "Na bado naendelea kusikia."

Pale pale angeweza kuondoka na ushindi wake. Lakini mtu aliyeshiba sifa hutaka na mchuzi.

"Kwa hiyo nikisema kushoto, ulikuwa unapeleka kushoto?"

Usukani alilitazama sanduku. Akamtazama kinyozi. Akajikuna shingo.

"Mzee, nikwambie ukweli?"

"Ukweli mtupu!"

"Ukisema kushoto, nilikuwa napeleka kulia."

Bomba lilidondosha maji.

"Siku zote?"

"Siku zote, baba yangu. Wewe unasimama nyuma ya benchi la wageni. Ukipiga kelele, kocha wao anasikia, anawafokea mabeki wake, wote wanakimbilia kushoto. Kulia kunabaki kweupe. Na wageni hawakai wakajifunza, kila wiki wanakuja wengine. Mimi kazi yangu ilikuwa kusubiri useme. Siku ile uliyopata mafua, sauti ikakukauka, unakumbuka tulifungwa mangapi?"

Spika alikumbuka. Alimlaumu golikipa mwezi mzima.

Kinyozi alicheka mpaka akakosa pa kujishika, akalikalia sanduku. Kifuniko hakikubonyea. "Bati zuri lakini," alikiri, akijifuta machozi.

Fundi alikaa kwenye benchi. "Kwa hiyo nilikuwa nakosea."

"Hakuna aliyekosea vizuri kama wewe. Ungekuwa unapatia mara moja moja, ningepotea. Ndiyo maana sikukutafuta nikakwambia. Niliogopa ungenyamaza, au ungeanza kupatia." Usukani alikaa karibu yake, sauti ikashuka. "Huko ninakokwenda uwanja ni mkubwa, mzee. Watu maelfu, wote wanapiga kelele, na sijui sauti ya hata mmoja. Nani ataniambia nisiende wapi?"

Spika alijikuta amerudisha kiganja kooni. Koo lilikuwa linatetemeka, na hakuwa amesema neno.

Alisaidia kupanga viatu na jezi ndani ya sanduku. Alifunga kufuli, akaweka ufunguo katika kiganja cha kijana, akamwinamia sikioni akasema maneno machache. Usukani aliitikia kwa kichwa, akajifanya kuna kitu kimemwingia jichoni.

"Kasema nini?" kinyozi aliuliza kutoka mlangoni. "Kasema nini? Sikusikia!"

Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo tangu fundi yule aanze kugonga bati.

Jumapili iliyofuata Spika alikuwa mahali pake nyuma ya benchi la wageni. Mkewe alikuja pia, pamba masikioni.

"Sasa unajua," mkewe alisema. "Utakuwa unasema kinyume?"

"Mimi si mwongo! Nitasema ninachokiona!"

Kiungo mpya alipokea mpira katikati. Spika aliutazama uwanja wote, akapima, akahakikisha, akaona kwa macho yake mawili kwamba winga wa kushoto yuko peke yake.

"Kushoto, mwanangu! Kushoto!"

Kocha wa wageni akafoka. Mabeki wakakimbia. Kijana, ambaye inaonekana alikuwa ameachiwa maagizo na Usukani, alimtupia fundi jicho, akageuka kulia.

"Nimesema kushoto!" Spika alipiga kelele kwa uchungu wa kweli, huku wenzake upande wa pili wakirukaruka na mpira ukiwa wavuni. "Kushoto! Hawa vijana wa siku hizi hawasikii!"