Marashi ya Uwesu

Mtaa mzima wa Ipagala ulijua kwamba Uwesu, fundi cherehani, ana hawara. Babu mzima anajipulizia marashi hata akienda kumwaga taka! Tena alikuwa ameshahama kitanda, analala sebuleni. Mkewe, Munira, alivumilia mpaka yakamfika shingoni, akamwita kaka yake Abdulrahim kutoka Kondoa.

"Shemeji," Abdulrahim alimuuliza mbele ya wazee, "ni nani huyo mwanamke?"

Uwesu aliinamisha kichwa. Angepandisha tu suruali, maneno yangekwisha. Utotoni aliungua muundi kwa uji wa moto, likabaki kovu gumu lililotulia miaka na miaka. Kisha likachubuka, likafanya kidonda kisichopona, na sasa kilinuka. Tangu mdogo alisikia kwamba kidonda ndugu humpata aliyelaaniwa. Kuitwa mzinzi aliona nafuu. Wazinzi angalau hawazibiwi pua.

"Nisameheni," alisema. "Nitamwacha."

Munira aliangua kilio, na Uwesu akamwacha alie.

Siku chache baadaye Munira alimpelekea chakula kibandani kwake pa kushonea, akamkuta suruali imelowa damu. Akaipandisha mwenyewe. Uwesu alifumba macho asione mkewe anavyotazama. Munira alimshika mkono wakaenda hospitali, kikakatwa kipande cha kidonda kikapimwa.

"Hii si laana, mzee wangu," daktari alisema majibu yalipotoka. "Kovu la moto la siku nyingi linaweza kugeuka saratani ya ngozi. Kidonda kilianza lini?"

Uwesu alitamani kusema juzijuzi. "Ramadhani ya mwaka juzi."

"Ungekuja wakati ule, huenda tungeondoa ngozi tu. Sasa itabidi tukate mguu."

Ramadhani ya mwaka juzi ndipo Uwesu alipohamia sebuleni. Munira alimgeukia taratibu.

"Kwa hiyo yule mwanamke?"

"Hakuwepo, Mama Shakila. Niliona haya."

Uwesu alingoja matusi, na alijua anastahili yote. Hayakuja.

"Kila nikimaliza kuswali nilimwombea mabaya huyo mwanamke," Munira alisema. "Nilimwomba Mungu amkate miguu."

Akajifunika uso kwa mtandio, na Uwesu hakuwa na uso wa kumfunua.