Jina Ndani ya Seva

Papa Gédéon alikuwa na miaka sitini na saba, na katika redio ile ndogo ya Kalundu hakuna aliyemzidi kwa mambo ya mashine. Ujanani alishinda bandarini akipima magunia, na jioni akaenda kozi ya mashine akiwa bado na unga masikioni. Mkurugenzi Libérat alipomwambia, "Papa, humu ndani kuna muntu anatuuza," hakushangaa kwamba aliyeambiwa ni yeye.

Kwa wiki mbili habari za redio zilikuwa zikitokea kwanza kwenye tovuti moja ya mjini, Ziwa Leo, kabla hazijasomwa hewani. Libérat alikuwa amekataza tovuti hiyo isifunguliwe ofisini. Atakayeifungua, alisema, ndiye huyo huyo, na atoke siku hiyo hiyo.

Gédéon alijifungia kwenye kijumba cha seva, ile kompyuta kuu iliyounganisha ofisi nzima na mtandao. Kompyuta haifiki kwenye tovuti kwa jina, inafika kwa namba. Mtu yeyote pale ofisini alipofungua tovuti, kompyuta yake iliiuliza kwanza seva namba ya jina hilo. Seva iliitafuta nje, ikajibu, kisha ikalikumbuka jibu kwa muda, huku sekunde zikipungua mpaka zikaisha, ndipo ikasahau. Ziwa Leo ilikumbukwa saa moja, yaani sekunde elfu tatu na mia sita. Basi, aliwaza, jina likiwamo, kuna aliyeliita, na sekunde zilizobaki zitasema ameliita lini.

Saa nne na dakika tano asubuhi alichapa jina na kuiuliza seva. Jibu likaja: 3600.

Hata sekunde moja haijapungua! Mtu ameifungua sasa hivi! Alisukuma mlango. Chumba cha habari kilikuwa na mtu mmoja tu, Generose, msomaji wa habari za mchana, vidole juu ya kompyuta yake. Wenzake walikuwa sokoni na kinasa sauti.

Generose aliinua macho. "Papa, unaniangalia kama nimekula kuku yako."

"Fanya kazi, mama," alijibu, akiangalia mikono yake. Mbona ameacha kuandika? Na jana, simu ilipolia, mbona aliipokelea uani? Asubuhi alimsalimia kwa kicheko kirefu kuliko kawaida. Vyote hivyo sasa vilipata maana.

Alimleta Libérat ajionee. Akaiuliza seva tena: 2700.

"Dakika kumi na tano zimepita," alisema, na sauti yake ilikuwa na fahari ambayo hakuweza kuificha. "Na wakati ule alikuwa peke yake."

Libérat alimwita Generose mlangoni pa kijumba. "Kusanya vitu vyako. Uliingia Ziwa Leo saa nne na dakika tano."

"Minye? Mimi sijafungua kitu!"

"Mashine iko inasema."

"Mkurugenzi, nikitoka hapa na jina la muuza habari, redio gani itanichukua, kuanzia hapa mpaka Luvungi?" Libérat alikuwa anasoma simu yake. Basi Generose akamgeukia Gédéon, na akauliza kwa ile sauti aliyozoea kuwauliza wakubwa wa mji. "Papa, hii mashine uliiuliza aje?"

"Niliiuliza kama inajua lile jina."

"Na kama haijui, inajibu aje?"

Gédéon aliigeukia seva. Inajibu aje? Kwa miaka yote, hakukumbuka seva ile ikimwambia hata mara moja kwamba haijui jina la tovuti.

"Uliza jina lingine," alisema Generose. "Tovuti ya maktaba ya mji wa Kanada anakokaa dada yangu. Hapa nani ameifungua? Muko munaona, mikono yangu iko huku."

Gédéon alichapa polepole, Generose akimtajia herufi. Jibu likaja: 86400. Siku nzima, haijapungua hata sekunde.

"Na hii," aliuliza Generose, "sasa hivi imefunguliwa na nani?"

Masikio ya Gédéon yaliwaka. Kila alipoiuliza jina lisilokuwamo, seva ilitoka nje kumtafutia, kisha ikalikumbuka jibu kana kwamba ni mwingine aliyelitaka. Kulikuwa na njia ya kuiuliza isitoke, ijibu yaliyo kichwani mwake tu. Alifundishwa njia hiyo. Alikuwa ameiruka.

"Mkurugenzi," alisema, "saa nne na dakika tano, aliyeliita ni mimi. Lile jina limeingia kwa swali langu."

Libérat alitia simu mfukoni. "Kwa hiyo ni weye?"

"Mimi ndiye niliyeuliza. Kufungua, sikufungua."

"Na yeye kabla yako?"

"Kama lingekuwamo kabla yangu, sekunde zingekuwa zimepungua. Zilikuwa kamili. Halikuwamo."

"Leo," alisema Libérat. "Jana je?" Hakungoja jibu. Aliwaangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akaondoka akiburuta viatu.

Generose hakuondoka. Alichomoa karatasi kwenye mashine ya kuchapisha, akaiweka mbele ya mzee. "Andika, papa. Hayo hayo uliyosema."

Gédéon aliandika kwa herufi zilizonyooka, akatia sahihi kwa majina yake yote matatu. Generose alisoma mara mbili, bila kutabasamu.

"Ongeza saa," alisema. "Halafu uniandikie nakala. Moja ya mkurugenzi, moja yangu."