Simu za Chapa Moja

Bundala alikamatwa mnadani, mbele ya watu waliomjua kama mkamataji wa wezi. Askari wawili wenye nguo za kiraia walimwomba simu yake, wakaibonyeza, wakasoma namba iliyotokea, kisha wakamfunga pingu. Hawakumweleza kosa. Aliyeelezwa ni binti yake Klementina, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya mjini Bariadi, alipofika kituoni mchana ule akiwa bado na vumbi la chaki mikononi.

Mpelelezi aliitwa Josia. Alimpa kiti na akaeleza bila ukali. Mama mmoja wa Nyashimo, Domitila, alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa daktari. Mtu huyo alimwambia kwamba mwanawe amegongwa na gari, yuko mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na pesa zinatakiwa papo hapo. Mama akatuma akiba yake yote. Mwanawe alikuwa shambani akipalilia, mzima. Laini iliyotumika ilikuwa imesajiliwa kwa jina la marehemu na ilikwisha kutupwa. Lakini simu yenyewe ilikuwa na namba yake ya utambulisho, na mtandao ulionesha kwamba namba hiyo ingali inatumika, hapa hapa Bariadi, na laini ya kwanza waliyoifuatilia ilikuwa ya Bundala.

"Kila simu duniani ina namba yake ya tarakimu kumi na tano," alisema Josia. "Haina pacha, mwalimu. Na ya mzee ndiyo hii. Ijumaa anapanda kizimbani."

Klementina aliinakili namba ile. Alikuwa na swali moja tu, na wa kulijibu alikuwa nyuma ya nondo.

"Mwadila, baba," Klementina alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," alijibu Bundala, akimwita mama kama wazee wanavyowaita binti zao. "Umekula?"

"Nitakula. Simu hii uliipata wapi?"

"Kwenye gari la modemu. Wote tulipata pale, walinzi wote. Na hiyo namba wanayoniimbia hapa si yangu peke yangu. Ni ya wote. Nimewaambia, wananicheka."

"Ya wote kivipi?"

Bundala alimweleza. Yeye ni mmoja wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wale wanaofuata nyayo za ng'ombe walioibwa hadi wawapate. Siku hizi mwano, ule ukelele wa kuita watu kufukuzia wezi, hupigwa pia kwa simu, kwa sababu simu hufika mbali kuliko koo la mtu. Kwa hiyo gari la matangazo lilipokuja mnadani na kipaza sauti chake, likiuza modemu za intaneti kwa nusu bei na kumpa kila mnunuzi simu ya bure, walinzi walikaa kikao na wakanunua kwa pamoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kompyuta. Modemu ya Bundala ilikuwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, ndani ya boksi lake. Walitaka simu.

Na hawakununua kama wajinga. Walimuuliza muuzaji: tutajuaje kwamba hizi simu si za wizi? Muuzaji akawafundisha kubonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Wakabonyeza, kila mmoja yake. Wakasogeza vioo pamoja, wakalinganisha tarakimu moja baada ya nyingine. Zilikuwa sawa, simu zote.

"Tukaridhika," alisema Bundala. "Kundi likiwa na chapa mchanganyiko, hilo limekusanywa usiku. Kundi likiwa na chapa moja lina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Si ndivyo?"

Maisha yake yote Klementina alikuwa ameona baba yake na wenzake wakisimamisha makundi ya ng'ombe barabarani na kusoma chapa za moto kwenye mapaja. Hawakukosea. Walikuwa wamekagua simu kwa uangalifu kuliko wasomi wengi wanavyokagua, na ukaguzi wao ulikuwa umewaambia kinyume cha ukweli.

"Ndivyo kwa ng'ombe, baba," alisema.

"Sawa. Lakini sikiliza. Ijumaa nikipanda kule, mama yako atatengwa. Sheria ni yetu wenyewe, nimewahi kuisoma mbele ya watu. Mlinzi akishitakiwa kwa wizi, kaya yake haipewi moto, haichotewi maji, haizikiwi. Kiongozi wetu Mashimba ni rafiki yangu, lakini hataipindisha, na mimi sitamwomba."

Klementina alipanda bodaboda hadi Somanda.

Duka la kampuni yenye gari lile la modemu lilikuwa limepakwa rangi upya. Mlangoni palikuwa na bango la modemu na neno punguzo kwa herufi kubwa. Meneja, Sylvester, kijana wa shati jeupe, alimkaribisha kwa bashasha hadi alipoelewa alichofuata.

"Mwalimu, sisi tunauza modemu. Soma risiti yoyote, imeandikwa modemu. Simu ilikuwa zawadi. Wewe ukipewa kuku wa zawadi unaomba waranti?"

"Kuku huyo amemfikisha baba yangu rumande."

"Pole sana. Ila modemu yake inafanya kazi? Kama haifanyi, ailete na boksi lake, tunambadilishia."

"Ulizitoa wapi simu zile?"

"Zililetwa na msambazaji."

"Yupi?"

"Msambazaji, mwalimu. Wapo wengi."

"Ulijua kwamba namba zake zinafanana?"

Sylvester aliangalia kama kuna mteja mwingine, akakuta hakuna, akacheka. "Wewe ungewaona wale wazee! Wamebonyeza, wameangaliana, eti, 'Chapa moja!' Wanapeana mikono. Mimi nifanyeje? Niliwaambia tu, mnaona, wazee wangu, zote ni familia moja. Wakalipa wenyewe. Sikumlazimisha mtu."

"Kwa hiyo ulijua, na ukaona wamekosea, ukawasaidia kukosea."

"Hayo ni maneno yako."

"Nipe barua inayosema simu hizo zilitoka kwenu."

"Barua zinatoka makao makuu," alisema Sylvester, na akageukia kompyuta yake.

Klementina alisimama pale kidogo. Alikuwa akipima kile alichokisikia: mtu mzima, mwenye elimu ya kutosha kujua maana ya tarakimu zile, alikuwa ameona imani ya watu ikishika mahali pasipostahili, akaisukuma kwa kidole. Hakuwa ameiba kitu mfukoni mwa mtu. Alikuwa amewauzia wakamata wezi namba ya mwizi, na kisha akarudi dukani kupanga modemu.

Jioni ile ile alikuwa kijijini. Walinzi walikuwa wamekaa nyumbani kwa Mashimba, kiongozi wao, kila mtu na kigoda chake. Upinde wa Bundala ulikuwa umelazwa chini, kama sheria yao inavyotaka kwa mlinzi anayetuhumiwa. Klementina alisalimia, akaeleza ombi lake: kesho asubuhi waje wote kituoni na simu zao.

Minong'ono ilipita. Mzee mmoja, Ndalahwa, alisema kwa sauti kile ambacho wengine walikiwaza.

"Wamemfunga Bundala kwa simu moja. Sisi tuwapelekee nyingine zote? Mayu, umesoma mpaka umepitiliza."

Walicheka, ila si sana.

"Na mimi kuna kitu sielewi," alisema Mashimba. "Chapa moja ni mali ya mtu mmoja. Hilo halina ubishi. Sasa wewe unakuja hapa kutuambia chapa moja ndiyo ushahidi wa wizi?"

"Namba ile si chapa, baba Mashimba. Chapa ni ya mwenye ng'ombe. Namba ile ni ya ng'ombe mwenyewe. Ni kama mabaka yake. Nikuulize: umeshaona ng'ombe wawili wenye mabaka sawasawa, kila doa mahali pake, kuanzia pua hadi mkia?"

"Wanafanana, ila sawasawa, hapana."

"Na ukikuta kundi zima liko hivyo? Doa kwa doa?"

Mashimba alifikiri. "Huo utakuwa uchawi."

"Au mtu amewapaka rangi."

Ndalahwa alitoa simu yake mfukoni, akaibonyeza, akaiangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyelala kwake kwa jina la uongo. "Gashi!" alimaka. "Kumbe yule mtoto wa shati jeupe alikuwa anatuangalia tunavyopeana mikono."

"Alikuwa anawaangalia," alisema Klementina. "Ameniambia mwenyewe. Alikuwa anacheka."

Hapo ndipo sauti zilipopanda. Mmoja alitaka waende Somanda usiku ule ule na fimbo. Mashimba alimnyamazisha kwa kiganja.

"Tukienda na fimbo, kesho gazeti litasema wafugaji wamevamia duka. Fimbo itakuwa kosa letu na modemu itakuwa haki yake. Hapana." Alimgeukia Klementina. "Ukituita kama mwalimu, watakaokuja ni wanaopenda. Nikipiga mwano, asiyekuja analipa dume la ng'ombe. Kwa hiyo siiti kikao. Napiga mwano. Kesho, jua likichomoza, wote barabarani."

Walifika kituoni asubuhi, kundi la wazee wenye makoti na viatu vya matairi, wakasimama mbele ya kaunta. Askari wa zamu alishika bunduki yake vizuri zaidi. Josia alitoka ofisini.

"Mwangaluka," alisalimia Mashimba. "Tumeleta pacha."

Wakazipanga simu juu ya kaunta. Klementina aliomba simu ya Bundala iliyokuwa kielelezo, nayo ikawekwa mwanzo wa mstari. Kisha kila mwenye simu akabonyeza yake. Josia alianza kusoma akiwa amesimama wima. Alipofika katikati aliinama. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akasoma tena, kwa kidole.

"Namba hii iko kwenye hizi zote," alisema Klementina. "Bila shaka iko na kwenye nyingine ambazo gari lile la modemu lilizigawa Maswa, na kokote lilikopita. Mojawapo ilimpigia mama wa Nyashimo. Ipi, haiwezekani kusema kwa namba. Kwa hiyo namba hii haimwoneshi mtu yeyote, afande, na dhidi ya baba yangu huna kingine."

Josia hakubisha. Kwa hilo alistahili heshima, na lilikuwa la mwisho alilostahili heshima siku ile. Alisema mzee ataachiwa. Kisha akasema simu zote zitabaki, kwa kuwa ni bandia na ni vielelezo, na kwamba kila mwenye simu ataandika maelezo kueleza kwa nini alikutwa nayo.

"Tulikutwa?" aliuliza Ndalahwa. "Tumezileta kwa miguu yetu!"

"Ndio utaratibu, mzee."

"Na aliyetuuzia ataandika maelezo yake lini?"

"Uchunguzi unaendelea."

"Unaendelea wapi? Duka liko Somanda, limefunguliwa sasa hivi. Nimelipita nikija. Redio inapiga."

Josia aliangalia karatasi zake. Alieleza kwamba kampuni ina ofisi za juu, kwamba zawadi si mauzo, kwamba suala la vifaa vya mawasiliano lina mamlaka yake. Kila sentensi ilikuwa sahihi ikisimama peke yake. Kwa pamoja zilikuwa na maana moja: aliyenunua yuko karibu, na aliyeuza yuko mbali, hata kama mwendo wa kumfikia ni wa bodaboda moja.

Klementina aliomba barua ya kumsafisha baba yake. Josia alisema kituo hakiandiki barua kwa mtu ambaye hakushitakiwa.

"Basi tamka," alisema Mashimba. "Hapa, mbele yetu. Sisi kwetu neno lililosemwa mbele ya walinzi linatosha."

Bundala alikuwa ameletwa, miguu mitupu, mkanda mkononi. Josia alijisafisha koo. "Bundala hahusiki na wizi huu," alisema.

"Sauti," alisema Mashimba.

Akarudia kwa sauti. Walinzi wakaitikia, na lile la kutengwa likaishia hapo. Ndalahwa akasogea, akamkumbatia mwenzake. Klementina aliona mabega ya baba yake yakishuka.

Lakini Bundala hakuvaa viatu. "Huyo mama wa Nyashimo," alimwambia Josia. "Aliambiwa mwizi amepatikana?"

"Alijulishwa, ndiyo."

"Akaambiwa na jina langu?"

Josia aliitikia kwa kichwa.

"Mpigie sasa, nisikie."

Josia aliona wazee wale wote wakimtazama. Alitoa simu yake, akatafuta namba, akaweka sauti ya nje. Iliita kwa muda. Sauti ya mwanamke ikapokea, ya tahadhari.

"Mama Domitila, hapa ni polisi Bariadi. Yule mzee tuliyekuambia, Bundala, tumegundua si yeye."

"Wewe nani?"

"Polisi, mama. Mpelelezi Josia."

"Wewe unasema ni polisi. Yule alisema ni daktari."

"Mama, nisikilize..."

Bundala alisogea. "Mayu, mimi ndiye Bundala mwenyewe. Sikukuibia. Na aliyekuibia bado yuko nje."

"Mnaongea vizuri wote," alisema yule mwanamke. "Hata yule aliongea vizuri hivyo hivyo. Aliniita mayu. Msinipigie tena." Simu ikakatika.

Josia alipiga tena. Haikupokelewa. Akapiga mara nyingine, ikawa imezimwa.

Bundala aliketi sakafuni akavaa viatu vyake, taratibu, akafunga mkanda. Alipoinuka alimuuliza Klementina gari la Lamadi linaondokea wapi siku hizi, kwa kuwa kutoka Lamadi hadi Nyashimo si mbali.

"Baba, umelala sakafuni. Pumzika kwanza. Tutaenda Jumapili."

"Mpaka Jumapili yule mama atakuwa anajua nimemwibia."

"Na ukifika asipokuamini?"

"Atakuwa ameniona. Ataamua akiwa ananiona."

Mashimba alikuwa tayari mlangoni, akiwapanga wenzake wawili wa kurudi kijijini kubaki na ng'ombe. Wengine walitoka nje na Bundala, wakaelekea stendi.